Bila Futi, Bila Chaki

Ilikuwa Jumanne, theluji imegeuka uji barabarani,
tramu imejaa makoti mazito,
na koti zito halisikii mkono.
Kijana mmoja alinipisha kiti.
Nilimshukuru. Mara mbili.
Nilipofika sokoni kununua kabichi chachu
mkoba ulikuwa mwepesi, zipu wazi,
ikinichekea kwa meno yote.

Zloti mia na arobaini:
hizo nilizililia mpaka jioni, kisha nikazisamehe.
Kadi ya benki, hapo nilijiona mjanja.
Namba ya siri niliiandika kwenye kikaratasi
kama simu ya shangazi Kryśka,
tarakimu nne za mwisho.
Sina shangazi aitwaye Kryśka.
Mwizi alilijua hilo kabla ya saa sita.

Lakini kitambulisho
nilikiacha wiki tatu bila kukitolea taarifa.
Nani atanitaka mimi, nilisema,
goti bovu, miaka sitini na saba,
pensheni ya fundi cherehani?

Miaka thelathini na minne niliwashonea waimbaji wa opera, hapa Łódź.
Nimemvika mtoto wa muuza nyama joho la mfalme,
nimempunguzia malkia kiuno kwa pini nane,
na kanuni yangu ilikuwa moja:
hakuna avaaye mtu mwingine kabla ya kupimwa.
Bega. Kifua. Urefu wa mkono.
Sasa kuna aliyenivaa mimi
bila futi, bila chaki,
na nimemkaa barabara.

Barua ilikuja mwezi wa tatu.
Bogumiła Skwarek anadaiwa mashine ya kufulia,
simu mbili, na mkopo wa zloti elfu kumi na moja
aliousaini Szczecin,
mji ambao sijapata hata kuupita kwa kupotea njia.
Siku hiyo nilikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi,
siwezi hata kutaja jina langu.
Yeye alilitaja.

Nikapiga simu. Sauti changa ikaniuliza maswali,
nithibitishe kwamba mimi ni mimi.
Namba ya simu? Nikataja yangu.
Siyo.
Anwani? Nikataja nyumba alimofia mume wangu.
Samahani mama, siyo hiyo.
Kumbe mwenzangu alikwisha kuhama,
akanihamisha na mimi.
Katika mtihani wa kuwa Bogumiła
yeye alipata mia.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
kweli, kwa mbuzi na magunia.
Jina langu lina daftari kila ofisi
na humo humo ndimo lilimopotelea.

Ni jirani yangu Ludwik, mzibua mabomba,
aliyeniambia namba ya mtu hufungwa kama bomba,
mkopo usipite.
Nilikwenda dirishani, manispaa. Dakika tano.
Huchukua zaidi nikichagua kabichi.

Siku hizi pochi yangu ina kadi moja na pesa ya mkate.
Barua za benki nazikata kwa mkasi wa mahameli,
mshazari, vipande vyembamba,
jina lisije likashoneka tena.
Shangazi Kryśka nimemzika kichwani.

Mwezi wa tano posta walinirudishia pochi ya zamani,
imetupwa kwenye sanduku la barua, imelowa.
Ndani kadi ya maktaba
na kile kikaratasi.
Nyuma yake, kwa wino wa bluu, sahihi yangu,
imejaribiwa mara tisa.
Ya kwanza inabana.
Ya nne imelegea begani.
Ya saba, upindo umekaribia.
Ya tisa niliitazama muda mrefu, chini ya taa ya cherehani,
nikitafuta mshono.

Kumbe alinipima.