Wiki ya Thelathini na Mbili

Kifungua kinywa kilikuwa cha bure:
mayai, soseji, machungwa yaliyokatwa vipande vyembamba.
Mimi ni fundi wa mabasi ya shule, Dayton, Ohio.
Nimefungua injini nyingi zilizooshwa zikang'aa
ili mnunuzi asiulize habari za ndani.
Nilikula mayai yale huku nikisikiliza mlio.

"Dakika tisini tu," alisema Dariel,
kalamu mbili mfukoni, jina letu tayari kwenye karatasi.
Zikawa saa nne.
Akatupeleka kwenye chumba cha mfano:
bakuli la matunda ya nta,
vitanda viwili vya watoto, shuka zenye nyota,
na dirishani, ng'ambo ya maegesho,
kilele cha kasri la simenti, rangi ya waridi.
Maribeth akaigusa shuka moja kwa mgongo wa mkono,
kama mtu anayepima homa.

Usiku huu, motelini, taa ya meza inakoroma.
Nimegeuza karatasi ya Dariel, naandika nyuma yake.
Hatuuziwi nyumba, Maribeth.
Hata chumba hatuuziwi.
Tunauziwa wiki ya thelathini na mbili,
Agosti, lami ikinata viatuni,
siku saba kila mwaka mpaka tufe,
na tukishakufa bado ipo.
"Inarithiwa," alisema, akatabasamu kama anatubariki.
Hata deni hurithiwa, kijana.

Dola elfu ishirini na mbili. Halafu ada ya matunzo,
ambayo leo ni elfu moja na mia mbili,
na kesho, nani ajuaye? Ada ni kama nyasi,
hukua hata ukiwa umelala.
Nina miaka sitini na mitatu.
Nikimaliza kulipa nitakuwa na sabini na mitatu
na goti hili la kushoto, ambalo leo tu
limekataa kupanda ngazi za bwawa.
Alijumlisha hoteli tutakazolala miaka thelathini.
Hakuuliza tumelala hoteli ngapi.
Mbili. Nyingine zote tulilala kwa dada yako, Macon,
kwenye kochi lenye mbwa.

Hanijibu. Ameketi ukingoni mwa kitanda,
ananyoosha nguo ambazo hazina makunyanzi.
Saa tatu fataki zinapasuka nyuma ya pazia,
nyekundu, kijani, halafu moshi.
Ndipo anasema, bila kunitazama:
"Corinne hawezi kukataa kitu kilichokwisha lipiwa."

Kumbe.
Nami nilidhani tunazungumzia bwawa la kuogelea.

Krismasi tatu binti yetu hajaja.
Picha za Tobin na Junie tunaziona simuni,
wakikua kwa kurukaruka, jino hili limetoka, lile halipo.
Hatukugombana, hilo ndilo gumu;
ugomvi ungekuwa na mlango wa kuombea radhi.
Na mke wangu, anayekata kuponi kwa mkasi wa ushonaji,
yuko tayari kununua mbuzi kwenye gunia,
akijua ni gunia, akijua huenda hamna mbuzi,
kwa sababu ya vitanda viwili vidogo.

Nilikuwa na hesabu nzuri. Nimeikunja.
Hesabu yangu haikuwa na safu ya kitu hicho.

Dariel anatungoja kesho saa nne asubuhi.
Bei, anasema, inakufa saa sita mchana.
Namtazama Maribeth, naitazama simu,
na kabla sijajua ninalofanya
nimekwisha bonyeza jina la mwanangu.
Inaita. Inaita.
Maribeth ameacha kunyoosha nguo.
"Baba? Kuna nini? Nani anaumwa?"

Hakuna anayeumwa, nasema.
Nilitaka kukuuliza kitu kuhusu Agosti.

Kimya. Kisha mahali fulani nyuma yake
mtoto anauliza ni nani,
na sijasikia bado atakavyojibu.