Paji la Ukuta

Julai, Nkuhungu. Upepo unapekua chini ya mlango
kama mtu anayetudai,
na Nyemo ana siku tisa duniani,
kilo moja na robo tatu, mgeni aliyewahi kabla ya kualikwa.
Muuguzi alisema neno moja: joto.
Basi nikaenda Sabasaba, nikanunua hita
kwa mtu ambaye hakutaka kuijaribu mbele yangu.

Chumba chetu kina soketi moja.
Moja, na ilikwisha kulemewa:
runinga, simu mbili, pasi, birika la mama mkwe,
wote wamening'inia kwenye kebo nyeupe
kama ndama wengi kwenye kiwele kimoja.
Nikaongeza hita.
Wa mwisho kufika, na mwenye kiu kuliko wote.

Nyaya zikawa nyekundu. Pakanuka vumbi linaloungua,
tukacheka. Mbeleje akavua sweta
kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali.
Nepi nikazitandaza juu ya wavu wa hita zikauke.
(Nasema nilivyofanya. Sijisifu.)

Saa nane usiku nikaamshwa na harufu
ya kandambili iliyoangukia mkaani.
Nikamgusa mtoto paji la uso: vuguvugu, sawa.
Nikagusa ukuta, pale penye soketi.
Ukuta ulikuwa na homa.

Fundi Chilongani alikuja na bisibisi moja mfukoni.
Alizima umeme kwenye mita kwanza, ndipo akafungua kifuniko:
waya umeiva rangi ya kahawa,
skrubu inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Akaipima kebo kwa vidole viwili.
"Hii ni ya redio," alisema. "Wewe umeitwisha tanuri."
Tukanunua soketi mpya na waya mnene,
tukala ugali kwa mlenda hadi mwisho wa mwezi.

Siku hizi hita inakula peke yake, ukutani moja kwa moja,
kebo haiisogelei.
Kutoka kwenye chandarua ni hatua mbili ndefu;
nimechora mstari kwa chaki sakafuni, na mama mkwe
anauzunguka kama mpaka wa shamba la mtu mkorofi.
Nepi zinakauka nje. Upepo nao una kazi yake.
Tunawasha saa mbili. Luku inahesabu, nasi tunahesabu nayo.
Saa nne, kabla usingizi haujatudanganya, nazima,
nachomoa kwa kushika kichwa cha plagi, sivuti mkia,
na Nyemo anahamia kifuani kwa mama yake,
ngozi kwa ngozi, blanketi juu.

Kisha kiganja changu kinafanya zamu yake:
paji la mtoto,
paji la ukuta.
La kwanza lina joto.
La pili ni baridi kama mtungi,
nami nalala.