Nahesabu

Vitanzi mia moja na kumi na viwili mgongoni,
sabini na sita kila mkono.
Haya nayajua kama namba ya simu ya mume wangu,
aliye Mafinga kwenye mbao, anayerudi Jumamosi kwa Jumamosi
na harufu ya misonobari shingoni.

Alfajiri ya Juni, Makambako.
Ukungu umekaa mlangoni kama mdai
asiyeondoka wala kutaja deni.
Nimechochea jiko, uji wa ulezi unatokota,
nimevuta kiti kwenye mashine kabla hawajaamka.
Kigari kinakwenda, krrra, kinarudi, krrra.
Kumi na saba. Kumi na nane.

"Mama."

Wende kasimama, kiatu kimoja mguuni,
na hicho ni cha kaka yake.
"Subiri, mwanangu, nahesabu."
Anasubiri kama mtoto wa miaka minne anavyosubiri:
kwa kuita tena.

Erasto yuko likizo. Amegundua kigari ni treni.
Kinatoka bega la kushoto, kinapita Rujewa, Chimala,
kinafika bega la kulia, Mbeya, wote washuke.
Amenikatia tiketi ya boksi la majani ya chai.
Uzi ukikatika anapiga filimbi: ajali!
Abiria, ambao ni punje za mahindi,
anawalaza sakafuni mmoja mmoja, anauliza nani ameumia.
Nami naanza upya. Moja.

Mama Mligo anapita na ndoo ya viazi.
"Kamwene! Leo upo?"
Upo. Kana kwamba jana nilikuwa wapi.
"Basi kwa kuwa upo tu, niangalizie hawa, narudi sasa hivi."
Sasa hivi yake ina watoto wawili na jogoo mgonjwa.
Nimewapokea wote. Ndiye aliyelala kwangu siku tatu
Tulizo alipozaliwa, bila kuitwa;
hesabu hiyo sijaifikisha mwisho.

Kumi na tisa? Au nilishafika ishirini?

Wiki iliyopita, kliniki, muuguzi alimuuliza Wende
ili asiitazame sindano:
"Na mama yako anafanya kazi gani?"
Jibu nilikuwa nalo, nimelinyoosha kama kola.
Wende akanitangulia.
"Anahesabu."
"Anahesabu nini?"
Akafikiri.
"Anahesabu sisi tusubiri."

Muuguzi alicheka. Nami nilicheka, mpaka njiani.
Nyumbani nikakaa mbele ya mashine muda mrefu
bila kuigusa.

Masweta arobaini ya kijani, shingo ya njano,
ya shule ile ya ng'ambo ya reli.
Mwalimu mkuu kalipa nusu,
na nusu hiyo imeshakuwa gunia la mkaa na dawa ya kifua.
Anayataka Jumatatu. Leo Alhamisi.
Ninayo thelathini na moja, na kipande.

Saa kumi ukungu umerudi kudai.
Naingia kwapa la sweta la thelathini na mbili,
ishirini na nne, ishirini na tano,
naona uzi unavutwa kutoka chini ya meza.
Ni Tulizo. Kaushika kwa mikono miwili
kama mtu anayevuta ndoo kisimani,
na kwa uzi huo amesimama.
Miguu inatetemeka. Hakushika meza. Hakunishika mimi.

Erasto akasimamisha treni zote.
Tukanyamaza, sisi, na watoto wa jirani, na jogoo,
mpaka akaketi kwa kishindo
akatutazama kama sisi ndio tulioanguka.

Kitanzi kimoja kimepotea hapo, kwapa la kushoto.
Fundi mzuri angefumua.
Nimekipitisha sindano kwa nyuma, nimekaza, nimeendelea.

Mwezi ujao mtoto nisiyemjua
atavuka reli na upepo wa Makambako usoni,
atanyoosha mkono kujibu swali la mwalimu,
na pale kwapani patamkwaruza kidogo.
Atajikuna, ataendelea kunyoosha.

"Mama."

Ishirini na sita.
Njoo, mwanangu. Sema.