Marehemu Bado Anaweza Kuhariri

Walituambia wingu, nami nikadhani mvuke,
kitu kisicho na sakafu wala kitasa.
Kumbe wingu lina anwani, lina ankara kila tarehe tano,
lina mlango, na funguo za mlango huo
tuligawa kama peremende za harusi.

Hapa Aveiro tunachoma vigae.
Vya buluu, vya kuta za makanisa na vituo vya reli,
na buluu yetu ina kanuni yake:
kobalti kiasi fulani, bati kiasi fulani,
na kitu cha tatu ambacho sikitaji hata humu.
Miaka sitini kanuni ililala katika daftari lenye madoa,
daftari ndani ya kasha, kasha chini ya kitanda cha mzee Firmino,
na mbwa juu ya kitanda.

Kisha maji ya mfereji yakapanda hadi ofisini,
daftari likavimba kama mkate,
Dona Graciete akasema: basi, yote yapande juu.
Nilichapa mwenyewe. Kurasa mia mbili na kumi na moja.
Bei, madeni, majina ya wateja, joto la tanuri, buluu.
Firmino alisimama nyuma ya kiti changu, akinusa skrini
kama anayekagua samaki.
"Na nani mwingine ataona?"
"Sisi tu," nikamwambia.

Sisi tu.

Leo Jumapili. Wiki iliyopita, kwenye maonyesho ya Valencia,
Telmo alipiga picha ya kigae kibandani kwa watu tusiowajua.
Buluu yetu. Si ya kufanana nayo. Yetu,
na ule ukijivu unaojitokeza ukikiinamisha kigae dirishani.
Kwa hiyo nimekuja na chupa ya kahawa, peke yangu,
kuhesabu nani ana ufunguo.

Mpiga chapa wa Porto, aliyetutengenezea kalenda moja tu: anaweza kuona.
Mwanafunzi wa mazoezi wa mwaka juzi: anaweza kuhariri.
Mhasibu tuliyeachana naye kwa kelele, hadi sahani ikavunjika: anaweza kuhariri.
Folda ya bei: yeyote mwenye kiungo.
Hiyo niliifungua mimi,
usiku mmoja, kwa simu, kwenye foleni ya hospitali,
kwa kuwa mteja alikuwa na haraka nami nilikuwa na mama.
Nikasema nitaifunga kesho. Kesho ile ina miaka mitatu.

Nafuta. Nafuta. Kila jina linauliza: je, una uhakika?
Nina uhakika.
Halafu: Firmino Calado. Anaweza kuhariri.
Mara ya mwisho kufungua faili: Alhamisi, saa tisa usiku.

Tulimzika. Hiki ni kipupwe cha pili.

Niseme kweli. Moyo uliitangulia akili,
ukamwona amekaa mahali fulani, miwani puani,
akiipekua kanuni yake kwa kidole kimoja.
Nusura nimwandikie. Nusura niulize kama huko kuna baridi.

Kisha nikakumbuka nywila.
Pirata. Jina la mbwa, herufi kubwa mwanzoni,
mbwa aliyeitwa kwa sauti kila jioni mtaa mzima ukisikia.
Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini hii
aliijua hata muuza mikate.

Pembeni mwa ukurasa wa buluu yapo bado maoni yake:
"Punguza kobalti. Kidogo tu. Utaona."
Nimeyanakili kwa kalamu, nyuma ya ankara ya gesi,
nikaikunja, nikaitia mkobani.
Kisha nikabonyeza ondoa.

Kahawa imepoa. Nje kengele zinaita watu misa.
Kesho nitawaambia wote: nywila mpya, ndefu, na hatua ya pili kwenye simu.
Watanung'unika, Telmo kuliko wote.
Je, una uhakika?
Skrini bado inauliza.