Damu Husahau

Miaka kumi na minane nimehesabu vimelea,
pete za zambarau ndani ya chembe za damu
za watoto wa Mtopanga, wa Mtongwe, wa Jomvu.
Kila kioo nilikiandika namba, si jina.
Jina ningelibeba hadi nyumbani.

Mdogo wangu Shee aliondoka na degedege.
Bibi alisema ni nyuni.
Sikumbishia. Nilikwenda kusoma.

Nimeandika, kwa lugha ya watu, kwamba kinga ni ujirani:
usipobishiwa hodi siku nyingi
unasahau sauti ya abishaye.

Kisha nikarudi kutoka Uholanzi, mwaka wa sita,
nikalala kwa mama Kisauni bila chandarua.
Mimi, mzawa!
Siku ya kumi na mbili baridi ikanipanda mifupani,
mama akanirundikia leso zote za sandukuni.

Maabara, Makadara. Mbeyu, niliyemfundisha mwenyewe,
akanisogezea darubini.
Pete zile zile. Nilikaribia kuzisalimu.
Nikaomba kalamu, mkono ukitetemeka,
nikaandika jina langu juu ya kioo.

Mbeyu akalifuta kwa pamba, taratibu.
“Namba, daktari,” akasema.