Nimehama Mara Mbili

Kutoka Bukavu nilihama na sanduku moja.
Mwezi huu nimehama tena, sahani tu:
ugali (kwetu bukari) nje, wali nje,
hata chapati za kijiweni pale Rau
zilizokwisha kunijua jina.

Asubuhi ni mayai matatu, mchicha,
parachichi la Mbuyuni
kubwa kama kichwa cha kichanga.
Mshipi umerudi matundu mawili.
Usiku naota muhogo.

Jana Mama Ndeshukurwa, mwenye nyumba,
kanisikia nakohoa, kaja na bakuli la mtori,
mvuke umemziba miwani.
"Mama, siku hizi sili ndizi."
Akanitazama
kana kwamba nimeukana mlima.

Kisha akaketi. Akaomba kijiko.
Akazopoa nyama moja moja,
akaniwekea, mifupa pia,
mtori akaula mwenyewe, taratibu,
akisema kwao mgonjwa
haachwi kula peke yake.

Nilifyonza mfupa hadi ukapiga mluzi.
Kwenye wa mwisho, karibu na gegedu,
ndizi kidogo ilikuwa imeganda.

Sikuifuta.