Deni la Tanuri

Baba alichoma chokaa bonde la Songwe,
siku tatu usiku na mchana, hasinzii,
mlo wake kiporo, shuka lake moshi.
Mawe yaliingia tanurini mazito, ya kijivu,
yakatoka mepesi, meupe,
kama yamesamehewa kitu.
"Yamekunywa moto," alisema. Basi, hakuongeza.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikauliza:
moto ukishanywewa, unakaa wapi?

Akaleta yai la mtetea wa Mama Ambwene, jirani,
lingali na uvuguvugu wa kiota.
Tukalifunga kitambaani, tukalilaza pipani
juu ya chokaa kavu. Akamimina maji ya mtoni,
maji ya Juni, yale ya kukata vidole,
akanivuta nyuma kwa ukosi wa shati
(jicho lake la kushoto lina utando; chokaa haina utani).
Pipa likanguruma. Mvuke ukapanda.
Hapakuwa na kijinga, hapakuwa na kaa,
na yai likaiva hadi kiini.
Tukalila kwa chumvi, nusu kwa nusu.

Miaka sita baadaye, Mbalizi, kidato cha pili.
Mwalimu Sekela Mwalyego akachora duara ubaoni,
katikati akatia nukta.
Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Yeye akatazama dirishani
kama mtu anayetaka kuvunja sheria,
akashusha sauti:
"Hiki ni kiini."

Nikasikia chumvi ulimini.

"Humu protoni na nyutroni zimesongamana.
Nje, mbali, elektroni. Kalsiamu inazo ishirini:
mbili, nane, nane, halafu mbili za ukingoni,
zimekaa kama wageni waliojiweka karibu na mlango.
Oksijeni ina nafasi mbili wazi.
Mmoja anatoa, mwingine anapokea,
na kwa upungufu wa huyu na ziada ya yule
wanashikana kuliko ndugu wa tumbo moja."
Kisha akaandika, kwa Kiswahili, herufi kubwa:
KUVUNJA HUGHARIMU. KUUNGA HULIPA.
Akafuta haraka, mkuu wa shule asijepita.

Ndipo nikamwona baba
amepiga magoti mlangoni pa tanuri,
analisha gogo baada ya gogo,
moto wote ule ukihangaikia kazi moja:
kuing'oa hewa iliyofungwa jiweni.
Hakuna aliyeota joto hilo. Liliingia, likanyamaza.

Nyuma ya daftari nikapiga hesabu, kwa kilojuli.
Mia na sabini na nane ziliingia tanurini.
Sitini na tano zilirudi pipani kwa kelele,
ndizo tulizopikia yai.
Nikatoa, nikatoa tena, nikakopa kwenye makumi:
mia na kumi na tatu hazionekani.
Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kuna mwizi."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.
Akaja hadi dawati langu, akagonga ukuta.
"Gusa."

Ukuta ule uliupakwa chokaa ya baba,
magunia kumi na mawili, ndiyo ada yangu,
maana fedha taslimu hatukuwa nayo.
Nikagusa. Julai, upepo umeshuka Loleza,
ukuta baridi kama pua ya mbwa.
"Tupo arobaini na nane humu," akasema,
"tunapumua. Chokaa inaivuta hewa yetu,
inarudi kuwa jiwe, na inalipa.
Inalipa polepole mno, kiganja hakijui."

Jioni nikakimbia kilomita zote hadi nyumbani.
Nilimkuta baba anakung'uta vumbi kwenye nyusi.
Baba, nimejua moto unakaa wapi!
Nikamweleza yote, kiini, wageni wa mlangoni,
deni linalolipwa hadi senti ya mwisho
ukutani, kimya, miaka na miaka.

Akasikiliza. Akapenga kamasi nyeupe.
"Lile yai," akasema,
"Mama Ambwene hatujamlipa."